Jinsi Nilivyoikinga Betri Yangu ya Lithiamu na Baridi ya Makete

Nilipofunga sola nyumbani kwangu Makete, kila aliyeiona betri yangu ya lithiamu alikuwa na ushauri, na mwingi ulikuwa wa kuiua. Fundi mmoja aliniambia kwa uhakika kabisa, "Mwalimu, kila mwezi iache iishe hadi izime, ndipo itadumu." Ushauri huo ni wa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Betri ya lithiamu ikishushwa kupita kiasi, hata karatasi ya shaba inayobeba elektrodi hasi (upande wa ndani unaopokea lithiamu betri inapochajiwa) huanza kuyeyukia kwenye kimiminika cha ndani ya betri.

Uwezo wa betri hii hutegemea lithiamu inayosafiri kati ya elektrodi mbili. Tangu chaji ya kwanza, juu ya grafiti, yaani kaboni ya elektrodi hasi, hujengeka utando mwembamba unaoikinga, lakini utando huo hujengwa kwa lithiamu ileile tunayoihitaji. Grafiti huvimba kwa takriban asilimia 10 inapojaa na kunywea inapotoa chaji, hivyo utando hupasuka, na kila ufa unapozibwa, lithiamu nyingine hunaswa humo moja kwa moja. Joto kali na kukaa muda mrefu betri ikiwa imejaa huharakisha hasara hiyo.

Makete hatusumbuliwi na joto. Kinachotutesa ni asubuhi za Juni na Julai, sakitu imetanda bustanini, jua linachomoza katika anga lisilo na wingu, na paneli zinaanza kusukuma umeme wakati betri bado iko karibu na nyuzi 0. Katika baridi hiyo lithiamu haiwahi kupenya ndani ya grafiti, bali hujirundika juu yake kama metali, na sehemu yake hairudi tena kazini. Ikiota miiba, inaweza hata kuleta shoti ndani ya seli.

Nilichokifanya ninajivunia hadi leo. Nilimwomba seremala anitengenezee sanduku la mbao lenye kuta mbili, nikajaza sufu ya kondoo katikati, kwa kuwa sufu hutunza joto na haishiki moto upesi. Upande mmoja niliuacha bila sufu, nikauegemeza kwenye ukuta wa matofali ambao jiko letu la kuni liko ng'ambo yake, kwa hiyo joto la chakula cha jioni hubaki ukutani hadi alfajiri. Kipimajoto cha banda la vifaranga nimekibandika kwenye ganda la betri, na swichi ya paneli siiwashi mpaka kisome nyuzi 10. Gharama yake haikufika hata robo ya bei ya betri.

Jirani yangu, aliyefuata ushauri wa kuiacha izime, sasa taa zake hufifia kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili. Yangu bado inabeba taa, redio na televisheni hadi asubuhi. Tukisafiri likizo ya Desemba, ninaiacha ikiwa na nusu ya chaji, ninazima inveta na kuchomoa waya wa paneli.