Heshima kwa mtu ambaye hajafika

Leo naanzia mlangoni, kwenye viatu. Nyumba za Japani zina kisehemu cha kuingilia kiitwacho genkan, ambacho sakafu yake iko chini kidogo kuliko ya ndani. Chini ni pa viatu, juu ni pa soksi. Unaingia ukiwatazama wenyeji, unavua viatu bila kuwapa mgongo, unapanda moja kwa moja, kisha unapiga goti pembeni, unavigeuza viatu vitazame nje na kuvisogeza kando. Wageni wengi hukosea katikati: wanavua kiatu kimoja, wanayumba, wanakanyaga pale chini kwa soksi, ndipo wanapanda. Vumbi la barabarani limeshaingia ndani, na kuvua kote kumekuwa kazi bure.

Ndani unapewa ndara. Ukifika chumba cha tatami, ile mikeka minene ya nyasi, ndara zinabaki nje, na sanduku la magurudumu linabebwa, haliburutwi, maana mkeka ukishakwaruzwa ndiyo basi. Chooni kuna ndara nyingine, za humo tu. Kosa linalochekesha kuliko yote ni kutoka nazo na kurudi sebuleni. Unapotoka ziache zikitazama ndani, ili anayekuja atumbukize miguu tu.

Ndara hizo za chooni zina somo kubwa kuliko kurasa nzima za adabu. Sisi tuliokulia kwenye shikamoo na marahaba tunaijua heshima ya ana kwa ana: umemwamkia mtu, ameitikia, mmemalizana. Japani salamu zipo, na kuinama kupo, lakini heshima nyingi anafanyiwa mtu ambaye hamtaonana na hatakushukuru. Miongozo ya wasafiri hupenda kufundisha kuinama kwa nyuzi 15, 30 na 45. Kwangu hilo ni la kujifunza mwishoni kabisa. Mgeni akiinamisha kichwa kidogo, kaeleweka.

Mahali pa kuliona jambo hili vizuri ni bafu la pamoja, iwe sento ya mtaani au onsen ya chemchemi ya maji moto. Bwawa si la kuogea, ni la kujiloweka. Kuoga ni kabla: unakaa kwenye kigoda kifupi mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni kuanzia kichwani hadi nyayo, unajisuuza mpaka povu liishe. Ukiogea umesimama unamrushia maji jirani. Nywele ndefu zinafungwa juu. Kitaulo kidogo hakiingii majini. Watu hukikunja na kukiweka kichwani. Sababu ni kwamba maji yale ni ya wote, na povu lako ndilo atakalokaa nalo mwenzako. Ukimaliza, suuza kigoda na beseni, uvirudishe ulipovikuta. Halafu kuna hatua ambayo wageni karibu wote huisahau: jifute mwili kwa kile kitaulo kabla ya kurudi chumba cha kubadilishia nguo, la sivyo anayefuata atavaa soksi zake juu ya dimbwi lako. Mwenye tatuu aulize mapema, kwani mabafu mengi hayamruhusu.

Kwenye treni mambo ni yaleyale, ila kwa mwendo. Sakafu ya stesheni ina alama za foleni. Unasimama pembeni ya mlango, wanaoshuka wanamalizika, ndipo unapanda. Begi la mgongoni linahamia kifuani, kwa sababu mgongoni halina macho na humpiga aliyekaa. Simu inanyamazishwa na haipigwi ndani ya behewa. Kwenye Shinkansen, treni ya mwendo kasi, wa kupiga hutoka hadi eneo la milangoni. Kabla ya kulaza kiti, mwambie aliye nyuma yako, na ukishuka ukirudishe wima. Sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti cha nafasi ya mizigo kilichowekwa mapema kwenye njia za Tokaido, Sanyo na Kyushu. Utaratibu huo ulianza Mei 2020, na asiyeufuata hulipishwa yen 1,000.

Ngazi za umeme zina kisa kinachonipendeza zaidi. Mazoea ni kusimama upande mmoja ili wenye haraka wapite: kushoto Tokyo, kulia Osaka. Inaonekana ni ungwana mtupu. Lakini yupo mtu aliyepooza upande mmoja, ambaye mkono wake mzima uko upande ule wa wanaokimbia, na hana namna nyingine ya kushika. Mkoa wa Saitama ukaweka kanuni mwaka 2021 kwamba watu wasimame bila kutembea, na jiji la Nagoya likafuata mwaka 2023. Kanuni hazina faini, na wapitao mbio bado wapo.

Kuhusu taka, beba mfuko wako. Mapipa ya barabarani ni machache, hasa tangu shambulio la gesi ya sumu ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo, Machi 1995, kwa hofu kwamba pipa laweza kufichwa kitu cha hatari.

Ukarimu huu una upande wake mgumu. Watu hukwepa kusema na mtu wasiyemjua, na si ajabu mtu akasinzia, au akajifanya kusinzia, huku mjamzito amesimama mbele yake. Ndiyo maana kuna alama za kuning'iniza kwenye begi. Ile nyekundu yenye msalaba mweupe na moyo, iliyoanzishwa na serikali ya Tokyo mwaka 2012, ni ya mwenye ugonjwa au ulemavu usioonekana kwa macho. Mjamzito ana beji yake. Ukiiona, usianze kubembeleza mbele ya behewa zima, maana atakataa mara mbili tatu na wote mtaona haya. Inuka, sema "dōzo", yaani karibu, kisha sogea hadi mlango wa pili kana kwamba unashuka kituo kinachofuata.