Kupigwa kamera kwenye kibofu: niliyoyauliza na niliyoyapitia

Mkojo wangu ulitoka mwekundu asubuhi moja bila maumivu, kesho yake ukawa safi. Wengi hapo husema yamekwisha. Daktari alikataa: damu isiyouma, kwa mtu aliyevuka miaka 50, haiachwi kwa sababu tu imekoma. Ultrasaundi haikuonyesha kitu, ila alinieleza kwamba kiuvimbe kidogo au kidonda bapa kwenye ukuta wa kibofu kinaweza kisionekane humo. Ilibidi kuchungulia. Akaniandikia sistoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo.

Bingwa wa njia ya mkojo alianza kwa swali ambalo sikulitarajia: "Umekulia wapi, mzee?" Nikamwambia Muheza, na mabwawa yetu ya kuogea. "Ulishawahi kukojoa damu utotoni?" Nani hakuwahi! Wavulana tulidhani ndiyo kukua. Kumbe ni kichocho. Mayai ya minyoo ile hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na ugonjwa ukikaa miaka mingi bila tiba unaweza kuleta makovu, hata saratani. Aliuliza pia kuhusu sigara, nayo iliwahi kuwa rafiki yangu.

Mimi nikauliza langu: chombo ni kipi? Kwa maoni yangu hili ndilo swali kubwa kuliko "inauma?", kwa sababu jibu la pili hutegemea la kwanza. Kipo kinachopinda, na kipo cha chuma kilichonyooka. Cha kupinda hufanyika kwa jeli ya ganzi tu, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Cha chuma, kwa mwanamume, mara nyingi kinahitaji sindano ya mgongo au nusu kaputi, kwa hiyo unakuja na njaa na unakuja na mtu wa kukurudisha. Wanawake wana nafuu: njia yao ya mkojo ina kama sentimita 4, yetu inafika 20 hivi na inapita katikati ya tezi dume. Vyombo vya kupinda haviko kila hospitali, basi uliza mapema.

Walinipima mkojo kwanza, maana kukiwa na maambukizi kamera inaweza kuyasukuma ndani, hivyo kipimo huahirishwa. Nilitaja pia aspirini ninayotumia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda azitaje zote, na asiache hata moja kwa uamuzi wake mwenyewe.

Aibu ipo, sitaificha. Unavuliwa kuanzia kiunoni na muuguzi ni wa umri wa binti yako. Alinifunika shuka, akanisafisha, akaweka jeli, tukasubiri ganzi ishike. Jeli ni ya baridi na inawasha kidogo mwanzoni. Kamera ilipoingia nilisikia msukumo tu, mpaka ilipofika kwenye msuli unaofunga mkojo. Hapo mwili wote hutaka kujibana. "Baba, vuta pumzi, halafu fanya kama unataka kukojoa," muuguzi akasema. Nikafanya hivyo, msuli ukalegea, ikapita. Ukikaza ndipo utaumia.

Kisha maji yanaingizwa ili kibofu kitanuke. Haja ya kukojoa inakubana kweli, lakini ni dakika chache. Daktari aligeuza skrini nione. Ukuta ulikuwa wa waridi wenye vijishipa, na sehemu moja ilikuwa na madoa ya manjano kama mchanga uliomwagwa. Akasema hayo ni mayai ya kichocho ya zamani. Pembeni palikuwa na wekundu, akachukua kinyama kidogo cha kupeleka maabara.

Nilivyokojoa mara ya kwanza ilichoma hasa, na mkojo ulikuwa na rangi ya waridi. Walishanionya kwamba hali hiyo hudumu siku moja au mbili, nikanywa maji mengi na kuchoma kukapungua kila nilipokojoa. Niliambiwa nirudi haraka nikipata homa na kutetemeka, nikitoa mabonge ya damu au nikishindwa kabisa kukojoa. Ulizia pia pa kwenda usiku, kliniki ikiwa imefungwa.

Kusubiri majibu ya kinyama kuliniumiza kuliko kamera. Saratani haikuonekana, ni kichocho. Nimepewa prazikwanteli na tarehe ya kurudi, na damu ikionekana tena kabla ya hapo sitaisubiri tarehe.