Kumbukumbu ya mradi: seva ya kupitishia taarifa za kikoba

Jumamosi, 8 Machi 2025

Leo nimeanza kazi niliyokuwa nikiiahirisha tangu mwaka jana. Programu ya kikoba chetu, ambayo niliiandika mwenyewe na ambayo sasa inahudumia wanachama 62, hutuma barua pepe za aina tatu: kumbusho la siku ya kununua hisa, taarifa ya kikao, na kiungo cha kubadilisha nywila. Hadi leo programu hiyo imekuwa ikizungumza moja kwa moja na seva ya mpokeaji, ikijaribu mara moja tu, kisha ikiandika "imetumwa" hata pale ilipojibiwa vinginevyo.

Mwezi uliopita mama mmoja alikosa kikao kilichojadili ombi lake la mkopo. Aliponiambia, "Mwanangu, mimi sikuletewa taarifa yoyote," nilikwenda kufungua faili la kumbukumbu na kukuta kwamba seva ya ofisini kwake ilijibu 451, yaani rudi baadaye. Hilo si kosa la seva ile. Seva nyingi huikataa kwa muda barua ya kwanza ya mtumaji zisiyemfahamu, kwa kuwa mtumaji wa kweli hurudi baada ya dakika chache, ilhali mashine ya kumwaga barua taka kwa kawaida hairudi tena. Programu yangu haikurudi, na mwenye shida ya mkopo ndiye aliyeumia.

Kinachohitajika, basi, ni seva ya kupitishia barua, ambayo itaipokea taarifa kutoka kwenye programu kwa kufumba na kufumbua, iiweke katika foleni kwenye diski, na kuendelea kubisha hodi kwa mpokeaji mpaka afungue au muda uishe. Nimechagua Postfix, programu ya seva ya barua pepe, kazi ya Wietse Venema iliyotolewa kwa umma mwaka 1998, kwa sababu mipangilio yake inasomeka na foleni yake imenithibitikia kazini.

Jumapili, 9 Machi

Kusakinisha kulichukua muda mfupi usiostahili maelezo. Kilichokula mchana mzima ni sentensi moja iliyorudi kila nilipojaribu kutuma kutoka kwenye programu: 554, ruhusa ya kupitisha barua imekataliwa.

Sababu yake ni kwamba programu yangu huendeshwa ndani ya kontena la Docker, yaani chumba kilichotengwa ndani ya mashine ileile na chenye mtandao wake mdogo, na kontena hilo huonekana kwa Postfix kama mgeni mwenye anwani ya mtandao inayoanza na 172.17, wakati mimi nilikuwa nimeruhusu anwani za 127 peke yake, yaani mashine yenyewe. Nilipotafuta msaada nilikuta watu wanashauriana kuruhusu anwani zote za dunia ili ujumbe huo wa kukataliwa upotee. Ni kweli utapotea, lakini kuanzia hapo yeyote atakayeigundua seva hiyo ataitumia kumwaga barua taka kwa jina lako, na anwani yako ya IP, yaani namba inayoitambulisha mashine yako mtandaoni, itaingizwa katika orodha za waliofungiwa, ambako kutoka kwake ni kazi kubwa. Niliongeza mtandao mdogo wa Docker tu katika orodha ya wanaoruhusiwa, kisha nikahakikisha kwamba poti 25, yaani mlango ambao seva hupelekeana barua, haifikiki kutoka nje, kwa kujaribu kuingia kupitia intaneti ya simu yangu. Haikufikika.

Jumatano, 12 Machi

Barua zinaingia kwenye foleni vizuri, lakini hazitoki; kila jaribio linaisha kwa muda wa kuunganisha kupita. Kampuni inayonikodisha seva hii mpya imefunga poti 25 kwa barua zinazotoka, kama zifanyavyo kampuni nyingi za aina hiyo ili kuzuia wateja wapya kutuma barua taka. Nimewaandikia nikieleza kikoba ni nini, barua ni ngapi kwa wiki na zinamfikia nani. Iwapo wangekataa, ningelazimika kupitishia kwa mtoa huduma mwingine kwenye poti 587 kwa jina na nywila, njia ambayo si mbaya hata kidogo kwa mtu asiyetaka kulea sifa ya anwani yake ya IP.

Ijumaa, 14 Machi

Wamefungua. Foleni ilikuwa na barua 11 za majaribio, na zote zilitoka bila mimi kugusa kitu. Hapo ndipo nilipouelewa uzuri wa mpango huu: Postfix husubiri dakika 5 baada ya kushindwa mara ya kwanza, kisha hurefusha subira hiyo hadi sekunde 4,000, na muda wote huo programu yangu haina habari wala haihitaji kuwa nayo.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya utambulisho. Barua zilifika, lakini Gmail ilizitupa katika folda ya taka, na ilikuwa na haki, kwa sababu hakuna kilichothibitisha kwamba zimetoka kwetu. Niliweka kwanza rekodi ya kinyume, ile inayofanya anwani ya IP ikiulizwa jina lake itaje jina la seva yangu, na jina hilo nalo likiulizwa lirudishe anwani ileile. Kisha nikaweka SPF, ambayo hutangaza kwenye DNS, daftari la majina ya intaneti, ni anwani zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chetu, yaani jina linalofuata alama ya @. Hizo mbili zilikwisha kabla ya chai.

DKIM ilinisumbua hadi usiku. Seva husaini kila barua kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huihakiki saini kwa ufunguo wa umma uliowekwa kwenye DNS. Nilitengeneza ufunguo wa biti 2,048, nikaubandika kwenye ukurasa wa msajili wa kikoa, ukurasa ukasema umehifadhi, na bado kila mpokeaji akasema saini haihakikiki. Nilipoivuta rekodi kutoka kwenye DNS na kuilinganisha herufi kwa herufi na faili langu, niliona kwamba imekatwa katikati. Mfuatano mmoja wa herufi katika rekodi ya aina hiyo hauruhusiwi kuzidi herufi 255, na ufunguo wa ukubwa huo unazidi. Kwa hiyo lazima ugawanywe katika vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu, na mpokeaji ndiye anayeviunganisha. Niliugawa, nikasubiri rekodi ya zamani iishe muda wake, na saa nne usiku barua ikaingia kwenye kisanduku kikuu.

Mwisho niliongeza DMARC, rekodi inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita ukaguzi huo, kwa sera isiyozuia chochote, ili kwanza nipate ripoti za kila siku. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwadai watumaji wakubwa SPF, DKIM na DMARC, zote tatu. Kwa Google, mkubwa ni anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda akaunti za Gmail. Sisi hatufikii hata mia, lakini sioni kwa nini kikundi kidogo kijitambulishe kizembe.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimeshughulikia jambo ninaloliona kuwa kiini cha mradi wote. Tangu Jonathan Postel alipoiandika SMTP, kanuni ya seva kupelekeana barua pepe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, seva inayojibu 250 baada ya kupokea barua hujitwika wajibu: ama iifikishe, ama imjulishe mtumaji kwamba imeshindwa. Seva yangu ilikuwa ikitimiza nusu ya kwanza tu, kwa sababu anwani ya mtumaji kwenye bahasha ilikuwa ile ya "usijibu" isiyo na kisanduku, na kila taarifa ya kushindwa ilikwenda kufa huko.

Nimeibadilisha iwe anwani ya kweli inayosomwa na katibu. Mara ya kwanza taarifa hizo zilikwama palepale kwenye seva, kwa kuwa nilikuwa nimekiorodhesha kikoa chetu kama cha humo ndani, na Postfix ikamtafuta katibu miongoni mwa watumiaji wa mashine badala ya kumpelekea kwenye sanduku lake la nje. Nilikiondoa kwenye orodha na njia ikafunguka. Nimepunguza pia muda wa kukaa kwenye foleni kutoka siku 5 hadi siku 2, kwani kikao chetu hutangazwa siku 3 kabla, na taarifa inayofika baada ya kikao haimfai mtu. Barua ikichelewa saa 4, katibu anapata onyo na anaweza kupiga simu.

Nilijaribu kwa kuizima njia ya kutokea kwa dakika 40 huku programu ikituma kumbusho kwa wanachama wote. Barua 62 zilikaa kwenye foleni. Nilipoifungua njia, 61 zilitoka.

Moja ilirudi kwa katibu ikiwa na 550, mpokeaji hayupo. Herufi mbili za jina zilipishana siku mwanachama huyo alipoandikishwa, mwaka jana, na tangu siku hiyo programu imekuwa ikiandika "imetumwa" mbele ya jina lake kila wiki. Katibu alimpigia jioni hiyohiyo, akasahihisha anwani, nami nikalituma upya kumbusho lake: saa 1 na dakika 52 usiku, jibu 250.