Kaunta buku ya mitambo yetu mikongwe

Nilipokabidhiwa umeme wa kiwanda cha mkonge huko Korogwe, wote walininyooshea kidole transfoma. Ni ya mwaka 1974, rangi imebanduka, mafuta yanachuruzika. "Hiyo ndiyo inayotumaliza," meneja akaniambia. "Niletee bei ya mpya."

Nikamwomba miezi sita. Nikanunua kaunta buku, kila mtambo nikaupa kurasa zake: vipuri, ujira wa fundi, saa ambazo korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, ilisimama.

Transfoma haikujaza hata ukurasa mmoja. Silika jeli yake, zile chembe za kunyonya unyevu wa hewa inayoingia, ilikuwa imegeuka pinki badala ya bluu, maana yake unyevu ulikuwa unapenya. Nikapeleka sampuli ya mafuta maabara, yakashindwa kuzuia umeme kwenye kilovolti 22, nami nilitaka yavuke 30. Kwa umri ule niliomba wapime na PCB, ile sumu ya transfoma za zamani. Ingezidi sehemu 50 kwa milioni, tusingekuwa na cha kutunza. Haikuzidi. Tukabadilisha gasketi na silika jeli, tukachuja mafuta kwa joto na vakyumu, yakapanda hadi 54. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya bei ya transfoma mpya.

Kilichokuwa kinatumaliza ni mota ya pampu ya maji ya korona, kilowati 45, ambayo koili zake za waya zimesukwa upya mara tatu ndani ya miaka minne. Kila safari tulifurahi kwamba kusuka ni rahisi kuliko kununua. Nikaifuata karakana.

"Shikamoo mzee. Koili za zamani mnazitoaje?"

"Marahaba. Tunachoma, mwanangu, ndiyo shaba inalegea."

Nikaona stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka, iliyopangwa kwa mabati membamba, imewekwa juu ya moto wa kuni, mabati yake yamepiga weusi. Moto ule huunguza vanishi inayotenga bati na bati, na hapo chuma chenyewe huanza kula umeme na kuchemka. Niliporudi nikapima: mota ilivuta kilowati 51. Mpya tuliyofunga baadaye, kwa pampu ileile na maji yaleyale, inavuta 48. Kwa siku ya saa 10 ni uniti 30, kila siku ya kazi. Meneja alizidisha mwenyewe kwa kalamu yangu, akasaini kwenye kaunta buku.

Silika jeli naikagua kila Jumatatu. Wiki hii bado ni ya bluu.