Mikono ya Musa na Mabega ya Muñoz

Andiko: Kutoka 17:8–13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Yoshua alikuwa akipigana na Amaleki, na Musa amesimama juu kilimani na fimbo ya Mungu mkononi. Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri walimwekea jiwe akaketi, wakaitegemeza mikono hiyo, mmoja upande huu na mwenzake upande ule, mpaka jua likachwa. Hawakushika upanga wala fimbo.

Kila nikisoma habari hii namkumbuka Anthony Muñoz, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyezaliwa California mwaka 1958 na kulelewa na mama aliyebeba peke yake mzigo wa watoto watano. Ni mwamini, na huikiri imani yake hadharani. Aliichezea timu ya Cincinnati Bengals misimu 13, kuanzia 1980 hadi 1992, upande wa kushoto wa safu ya mbele. Watu wa safu hiyo kazi yao ni kumkinga mrushaji, yaani mchezaji anayerusha pasi za timu. Mrushaji wa mkono wa kulia, kama alivyokuwa Ken Anderson wa Bengals, akijiweka sawa kurusha huupa mgongo upande wa kushoto. Adui akitokea huko, yeye hamwoni. Anayemwona ni Muñoz.

Mtazame akiwa kazini. Anainama. Mpira ukianza tu, anarudi nyuma kwa hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa, huku jitu lenye zaidi ya kilo mia likimjia mbio. Haruhusiwi kulikumbatia wala kulivuta jezi. Akifanya hivyo timu nzima inaadhibiwa. Analizuia kwa viganja, kwa miguu na kwa subira. Akiifanya kazi yake vizuri, hakuna anayeona kitu, na uwanja unamshangilia aliyerusha. Akiteleza mara moja, kila mtu anajua kosa ni la nani.

Na hakuanza kwa wepesi. Alipokuwa USC, Chuo Kikuu cha Southern California, magoti yalimtesa, akakosa karibu msimu wake wote wa mwisho, akarudi kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, Januari 1, 1980, ambayo USC walishinda 17–16. Bengals hawakuyaogopa magoti yale. Walimchagua wa tatu katika uteuzi wa mwaka huo, ambapo timu za ligi hugawana wachezaji wapya. Aliitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara 11 mfululizo, na mwaka 1998 akaingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo.

Lakini ubingwa hakuupata. Bengals walifika Super Bowl, fainali ya ligi, mara mbili wakati wake, na mara zote mbili walifungwa na San Francisco. Ile ya Januari 1989 ndiyo inayoniuma zaidi: Bengals wakiongoza 16–13, Joe Montana, mrushaji wa San Francisco, aliwavusha wenzake uwanja karibu wote, na pasi ya ushindi ikashikwa zikiwa zimebaki sekunde 34. Muñoz alikuwa nje ya mstari, kwa maana safu yake haiingii wapinzani wakiwa na mpira. Alibaki kutazama.

Hapa ndipo mafundisho yetu mengi yanapungukiwa. Tumewazoeza watu kwamba aliyebarikiwa ataonekana mbele, ameshika kipaza sauti. Dada anayefika kanisani alfajiri kufuta viti, mzee anayemwombea mchungaji kila usiku, mke anayemuuguza mumewe mwaka wa tano sasa: hao tunawaambia zamu yao inakuja. Wapendwa, zamu yao ni hii. Wako kilimani tayari, na mikono waliyoishika ni mizito.

Wiki hii mtafute mmoja wao. Usimwahidi jukwaa. Muulize amechoka wapi, kisha shika upande wa pili.

Tuombe: Baba, wape nguvu wanaotukinga mgongoni tusikoweza kuona. Tuonyeshe nyuso zao, utupe na moyo wa kwenda kuwapokea mzigo. Katika jina la Yesu, amina.