Mimi na Baba Upendo katika Hoteli ya Mlima Washington

Zamu yangu ya kupokea upatu ilifika Februari 2018, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie Marekani niliamua kwamba fedha zile zisiingie kwenye bili. Nilimpigia wifi yangu, naye akakubali kuja kukaa na watoto. Kisha nikakata nafasi ya chumba katika Hoteli ya Mlima Washington, iliyoko Bretton Woods, jimbo la New Hampshire, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka tunakoishi kaskazini ya Boston.

Miaka ile mimi nilifanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na mume wangu alifanya kazi mchana katika ghala. Mpango huo ulituwezesha kulea watoto bila kumlipa mlezi, lakini ulituacha tukipishana mlangoni, mmoja akivua koti na mwingine akivaa lake. Tulizungumza mambo ya lazima tu: nani ana homa, nani amesainiwa daftari, kodi ya nyumba imekwenda au bado. Nilikuwa nimeanza kuogopa, kwa dhati kabisa, kwamba watoto watakapokua na kuondoka tutabaki watu wawili tusiofahamiana.

Tulipita Franconia Notch, bonde jembamba ambalo barabara yake imebanwa na kuta za mawe zilizojaa barafu, na baada ya Twin Mountain tuliiona hoteli ghafla upande wa kushoto. Ni jengo jeupe, refu, lenye mapaa mekundu na minara, limekaa peke yake katikati ya uwanda wa theluji, na nyuma yake milima imejipanga mpaka mbinguni. Baba Upendo alipunguza mwendo, akasogeza gari pembeni, tukatazama bila kusema neno.

Aliyeijenga ni Joseph Stickney, tajiri aliyepata mali yake katika makaa ya mawe na reli. Alileta mafundi 250 kutoka Italia, na hoteli ikafunguliwa mwaka 1902. Mwenyewe hakuifaidi sana, kwa kuwa alifariki mwaka uliofuata, akamwacha mkewe Carolyn, ambaye baadaye aliolewa na Mfaransa wa ukoo wa kikabaila mwenye cheo cha "prince" na kuendelea kuja hapo kila kiangazi. Nilishangaa kuambiwa kwamba kwa karibu karne nzima hoteli hii ilifungwa kila majira ya baridi, na kwamba ni mwaka 1999 tu ndipo ilipoanza kupokea wageni wa wakati wa theluji. Ukumbi wake wa mapokezi una dari ya juu sana, safu za nguzo nyeupe, na meko ya mawe yenye moto wa magogo usiozimika. Kwa nje imezungukwa na baraza pana, na mimi niliyezaliwa Pangani, ambako watu hupokeana na kuagana barazani, nilijisikia mwenyeji haraka kuliko nilivyotarajia.

Mume wangu ni mtu wa Marangu. Alikua akiitazama theluji ya Kibo kila asubuhi kabla ya kwenda shule, ingawa hakuwahi kuigusa mpaka alipofika Marekani. Mlima Washington, wenye mita 1,917, kwake ulikuwa kilima, na alisema hivyo waziwazi. Alinyamaza tulipoelezwa kwamba tarehe 12 Aprili 1934 wachunguzi wa hali ya hewa waliokaa kileleni walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, rekodi ambayo haikuvunjwa duniani hadi mwaka 1996, katika kimbunga kilichopiga kisiwa cha Barrow, Australia. Jioni ile tuliingia katika bwawa la nje lenye maji ya moto, huku theluji ikituangukia vichwani na nywele zetu zikiganda, na kila upepo ulipovuma kutoka mlimani alizama mpaka kidevuni. Tulikaa humo muda mrefu. Hatukuwa na pa kuwahi.

Chakula cha usiku tulikula katika ukumbi wa pembe nane, ambao inasemekana ulijengwa hivyo ili asiwepo mgeni yeyote wa kuketishwa kwenye kona. Sitaeleza chakula chenyewe, kwa sababu hakikuwa jambo kubwa kwetu. Jambo kubwa lilikuwa kwamba tulimaliza kula na bado tukakaa.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kukitazama Chumba cha Dhahabu. Mume wangu ndiye aliyekitaka, na mimi nilimfuata nikidhani ni udadisi wa kawaida wa mtu anayependa habari. Julai 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, wajumbe wa nchi 44 walikusanyika katika hoteli hii kupanga utaratibu wa fedha wa dunia baada ya vita. Henry Morgenthau, Waziri wa Fedha wa Marekani, aliongoza mkutano. Harry Dexter White ndiye aliyeandaa mpango wa Wamarekani. Na upande wa Uingereza ulisimamiwa na mchumi John Maynard Keynes. Tarehe 22 walikubaliana kuunda Shirika la Fedha la Kimataifa na benki ambayo sasa tunaiita Benki ya Dunia. Sarafu zingefungwa kwa dola, na dola kwa dhahabu, wakia moja kwa dola 35. Chumba hicho cha Dhahabu, ambamo makubaliano yalitiwa saini, ni kidogo kuliko unavyodhani, na meza ya mviringo ingalimo. Kwenye milango ya baadhi ya vyumba vya wageni kuna vibao vinavyotaja waliolala humo wakati wa mkutano.

Mimi nilivutwa zaidi na habari za Keynes, pengine kwa sababu ya kazi yangu. Alikuja na moyo uliochoka, akiwa na mkewe, Lydia Lopokova, Mrusi aliyekuwa mcheza baleti, ambaye kila siku alijitahidi kumlazimisha mumewe apumzike. Kuelekea mwisho wa mkutano moyo ulimsumbua baada ya kupanda ngazi kwa haraka, na hakuishi hata miaka miwili baada ya hapo. Nimewaona wake wengi wa namna ya Lydia, wamekaa pembeni ya vitanda, wakihesabu vidonge vya watu ambao hawajui kusimama.

Nilipogeuka, Baba Upendo alikuwa bado amesimama mbele ya meza ile, na ndipo aliponieleza habari za daftari la baba yake. Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere alipokuwa akivutana na Shirika la Fedha, mzee aliwakusanya wanawe kila usiku kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania, na kila Ijumaa aliandika katika daftari la mistari bei ya sukari, ya sabuni na ya mafuta ya taa, na pembeni yake thamani ya shilingi kwa dola. Mume wangu, ambaye alikuwa mtoto wa kupanga foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, ndiye aliyetumwa kuleta bei hizo. Serikali ya Rais Mwinyi ilipofikia makubaliano na Shirika mwaka 1986, mzee aliipigia mstari tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu, akawaambia wanawe kwamba dunia ina meza moja ambayo bei zote huanzia hapo, na kwamba angependa siku moja kuiona. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kusikia habari hiyo. Nilimjua mzee kama mtu wa migomba na kanisa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na Marangu ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Tulimpigia simu ya video.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona hujaenda kazini?"

Mume wangu alimweleza tulipo, kisha akaigeuzia simu meza. Mzee aliisogeza simu yake karibu na uso mpaka tukaona paji lake tu. Alitaka azungushiwe meza yote, polepole. Akauliza kutoka Afrika walikuwepo akina nani, nasi tukamjibu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini.

"Na sisi Tanganyika alitusemea nani?"

"Mwingereza, baba."

"Ehe," alisema, kisha akanyamaza kidogo. "Haya. Nionyeshe tena huo upande wa dirishani."

Mazungumzo yale yalichukua karibu saa nzima, na mengi yake hayakuhusu fedha. Mzee aliuliza kama theluji ya huko inanuka, akamsalimu "mama Upendo" mara mbili, akataka kujua kwa nini tumewaacha watoto. Niliona uso wa mume wangu ukiwa wazi namna ambayo nilikuwa sijauona tangu uchumba. Mchana tulikodi viatu vya kutembelea juu ya theluji, tukafuata njia ya msituni mpaka miguu ikakataa, naye hakuacha kuzungumza: jinsi mzee alivyosahihisha madaftari ya wanafunzi kwa taa ya chemli, jinsi sukari ilipofika alivyoigawa kwa kijiko, jinsi alivyomkataza kulia aliporudi kutoka foleni mikono mitupu.

Jumapili, tulipokuwa tukishuka kusini, alizima redio na kuniuliza sisi kwetu Pangani tuliishije miaka ile. Nikaanza. Nilimweleza majani ya mpapai tuliyofulia nguo sabuni ilipoadimika, na kanga moja ambayo mama yangu na shangazi yangu waliivaa kwa zamu kila walipokwenda mazikoni. Nilimweleza jinsi biashara ilipofunguliwa milango, mama alivyopanda basi hadi Tanga kununua marobota ya mitumba kwa fedha alizokopa kwa kaka yake, akayauza akiwa mjamzito wa mdogo wangu wa mwisho. Alinikatiza mara nyingi kwa maswali: kaka huyo ni yupi, deni lililipwa lini, mama alilala kwa nani akiwa Tanga. Tulipofika Concord nilikuwa bado sijafika katikati. Nyumbani tulimkuta wifi yangu amepika wali wa nazi, watoto wakatuparamia wakitaka kujua tumewaletea nini, na sehemu iliyobaki nilimmalizia jikoni usiku, nikiwa tayari nimevaa sare ya kazi.