Siku ya diwani wa Mbhashe: mhuri, bomba na greda

Mbhashe ni manispaa ya vijijini katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Miji yake ni mitatu, yote midogo: Dutywa penye makao makuu, Gatyana (kwenye ramani nyingi utaiona kama Willowvale) na Xhora (Elliotdale). Kwingine kote ni vijiji vilivyotawanyika vilimani hadi ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Lugha ni Kixhosa, na Mswahili ataokota maneno haraka: amanzi ni maji, inyama ni nyama, umntu ni mtu. Diwani wanamwita "ceba", na hiyo c hutamkwa kwa kufyatua ncha ya ulimi nyuma ya meno, kama msonyo mfupi. Hii ni Alhamisi ya Aprili, msimu wa bajeti.

Saa 12:30 asubuhi. Ofisi haijafunguliwa, lakini mlangoni kwa ceba watu wameshafika. Wanataka barua ya makazi. Kijijini hakuna jina la mtaa wala namba ya nyumba, na benki inadai uthibitisho wa anwani. Barua inahitaji tarehe, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho yenye tarakimu 13, jina la kijiji, saini na mhuri. Zinazorudishwa huwa na makosa yale yale: tarakimu moja imerukwa, mhuri umefifia, au barua ina zaidi ya miezi mitatu. Diwani makini haachi karatasi tupu zilizokwisha kugongwa mhuri, hata kwa ndugu yake. Akija mgeni asiyemfahamu, diwani huuliza kwanza kwa mjumbe wa kamati ya kata anayeishi kijiji hicho. Kamati hiyo ina wajumbe wasiozidi 10, na mwenyekiti ni diwani mwenyewe.

Saa 2. Simu ya kwanza ni ya maji. Bomba la kijiji limekauka siku ya nne. Wananchi humlaumu ceba, ila maji si kazi ya Mbhashe. Mamlaka ya maji ni manispaa ya wilaya, Amathole, yenye makao East London, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Diwani anachoweza ni kuripoti vizuri, na kuripoti vizuri ni ufundi. "Hakuna maji" haitoshi. Aseme kama pampu inanguruma au imezima, kama dizeli ipo, kama tangi lina maji ila bomba halitoi, na kama kuna mahali pamelowa njiani. Pampu ikinguruma na tangi likabaki tupu, mara nyingi bomba limepasuka katikati. Fundi akija na dizeli pekee atarudi mikono mitupu. Kisha adai namba ya taarifa. Bila namba hiyo, wiki ijayo anaanza upya. Kipimo cha chini kitaifa ni lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 200 kutoka nyumbani, na hicho ndicho cha kutaja anapoomba gari la maji.

Saa 4. Njiani kwenda mkutanoni anakagua barabara iliyopitiwa na greda majuzi. Tayari imeharibika. Udongo ulikuwa mkavu, kwa hiyo kisu kilikwangua vumbi ambalo halikushikana. Katikati hakukuachwa mgongo, maji ya mvua yakasimama hapo hapo, na kalavati imeziba matope. Greda ifanye kazi siku chache baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu, na mitaro izibuliwe kabla, si baada. Hili angalau ni la manispaa yenyewe, kama barabara si ya jimbo.

Saa 5. Mkutano wa bajeti, shuleni. Rasimu lazima iwe imefika barazani kabla ya Machi kuisha, na bajeti ipitishwe kabla ya Mei kuisha, maana mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Aprili ndiyo nafasi ya wananchi. Anayefungua si diwani bali ni sibonda, mkuu wa kijiji wa kimila, baada ya sala na wimbo. Chifu akiwapo, husalimiwa kwa jina lake la heshima huku watu wamesimama. Wazee huitwa tata na mama, au kwa jina la ukoo, ambalo ni heshima kubwa kuliko jina la mtu. Ukiruka hatua hizi, hata hesabu sahihi haisikilizwi.

Nyaraka zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo diwani huzieleza kwa Kixhosa ukurasa kwa ukurasa. Swali la kumsaidia mwananchi ni moja: mradi wetu una kiasi cha fedha na mwaka, au umeandikwa tu kwenye orodha ya matakwa? Wengi hushangilia orodha. Kijana mmoja akiuliza kiwanja cha kujenga, ceba humgeukia sibonda, kwani ardhi hugawiwa kimila. Kabla watu hawajaondoka, daftari la mahudhurio lisainiwe. Mkaguzi asipoliona, ni kama mkutano haukufanyika.

Saa 9 alasiri. Fomu za kaya maskini. Nakala za vitambulisho na kiapo kuhusu kipato kilichoapwa kituo cha polisi. Kaya ikikubaliwa hupata uniti 50 za umeme bure kwa mwezi. Walio kwenye mita za Eskom, shirika la umeme la taifa, lazima wazidai kila mwezi, maana zisizochukuliwa hazisogei mwezi unaofuata. Bibi wengi hupoteza hapo.

Saa 1 usiku. Kundi la WhatsApp la kata. Ceba anabandika namba ya taarifa ya maji, tarehe na saa aliyopiga simu. Majibu yanaingia: asante, hasira, mtu anaulizia barua. Mtu mmoja wa kijiji kile cha bomba lililokauka anaandika kwamba sasa pampu nayo imenyamaza. Anapiga simu tena wilayani ili hilo liongezwe kwenye taarifa ile ile.